Haki ya Fundi juu ya Nyumba Aliyoijenga: Sheria ya Maryland ya 1791

Desturi ya fundi kukizuia kitu alichokitengeneza hata alipwe ujira wake ni ya kale, nayo yaonekana katika mataifa mengi. Majalla, mkusanyo wa sheria za dola ya Uthmaniya uliotolewa baina ya 1869 na 1876, humpa haki hiyo mshonaji na mtia rangi katika kifungu cha 482, kwa kuwa kazi yao huonekana katika kitu chenyewe. Kifungu cha 483 humnyima mchukuzi na baharia. Sheria ya mazoea ya Uingereza nayo iliikubali. Msingi wake ni mkono: akiisha kukitoa kitu, fundi hana tena nguvu.

Basi mwashi afanyeje? Nyumba haichukuliki, na ardhi iliposimama ni ya mwingine.

Jawabu mashuhuri lilitolewa na Bunge la Maryland, Desemba 1791, wakati mji mkuu mpya wa Marekani, Washington, ulipokuwa ukianza kujengwa kando ya mto Potomac. Ili kuwatia moyo mafundi wakuu, sheria iliwapa haki juu ya nyumba na kiwanja chake kwa ujira na vifaa vyao. Masharti yalikuwa haya: mkataba uandikwe, ukubaliwe mbele ya mmoja wa makomishna wa mji au hakimu, uandikishwe katika daftari la hati kabla ya kupita miezi 6, na dai lipelekwe mahakamani kabla ya kupita miaka 2 tangu kazi ya mwisho. Hapo hukumu iliifuata nyumba mikononi mwa yeyote, ila haki za wengine zilizotangulia juu ya ardhi hazikuvunjwa. Kalamu ilishika mahali pa mkono.

Lakini sheria hiyo iliwataja wajenzi, waashi na maseremala. Mwenye kuchora ramani hakutajwa. Pierre Charles L'Enfant, aliyeubuni mji wenyewe, aliachishwa kazi Februari 1792. Alikataa malipo aliyopewa, akaliomba Bunge la Marekani haki yake kwa miaka mingi, akafa maskini mwaka 1825. Kazi yake ilikuwa ya serikali na ya mji mzima, wala hapakuwa na nyumba moja ambayo angeweza kuidai. Baadaye majimbo kadhaa yaliwaingiza wasanifu wa majengo, wahandisi na wapima ardhi katika haki hii.

Kwa mfasiri, hapa pana hatari. Sheria ya 1791 yenyewe ilimruhusu fundi kudai kama mwenye rehani, na kwa hiyo ni rahisi kuiita haki hii rehani. Lakini rehani huwekwa na mwenye mali kwa hiari yake ili apate mkopo. Haki hii huzaliwa na kazi na sheria. Fundi akisoma 'rehani' atadhani hapana budi mwenye nyumba amwekee, naye atakaa akingoja hata muda wa kuandikisha umpite. Yafaa basi neno 'zuio' libaki kwa kitu kilicho mkononi, na hii ya daftarini iitwe 'haki ya ujira juu ya jengo'. Jina ni refu, lakini lamwonyesha mfanyakazi haki yake imetoka wapi.