Mbele ya GPS kulikuwa karatasi ya duara: nani anahesabu masaa ya shofere?



Siku hizi hapa Kivu, mtu akinunua kamio anaweka GPS na kamera ndogo kwenye kioo cha mbele. Akiwa nyumbani, anafungua simu na kuona gari yake inatembea mu ramani. Wengi tunafikiri ni kitu kipya. Mimi ni agronome, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafuta kamio za kubeba mavuno, njo maana nilipenda kujua hii mashini ilitoka wapi. Historia yake inaonyesha kama kuna kitu tulikiacha njiani.

Mashini ya kwanza ya kuchunga shofere haikujua mambo ya satelite. Jina lake ni takografu. Ndani mlikuwa karatasi ya duara, inazunguka polepole sawa saa ya ukutani, mzunguko mumoja kwa masaa 24. Kasindano kalichora juu yake kasi, kilometre na wakati gari imesimama. Ujerumani iliilazimisha kwa kamio nzito tangu miaka ya 1950, na mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya ikaifanya kuwa sheria kwa nchi zake zote.

Sababu kubwa haikuwa wizi wa mazutu. Ilikuwa uchovu. Shofere mwenye kulala usingizi kwenye usukani anaua watu. Tena, patroni mwenye kumwendesha mtu usiku na mchana alikuwa anapata faida kuliko yule mwenye kumwacha apumzike. Karatasi ilikuja kuwasawazisha. Mpaka leo sheria ya Ulaya inasema: masaa 4 na nusu ya kuendesha, kisha dakika 45 za kupumzika. Na tangu enzi ya ile karatasi, shofere akiomba kopi ya rekodi yake, kampuni inapaswa kumpatia.

Msifikiri mashofere walipiga makofi. Kule Uingereza, walioingia Jumuiya mwaka 1973, sendika zilikataa kabisa. Waliiita jasusi wa mu kabine. Serikali yao ikaogopa, ikasema mwenye kupenda aweke, asiyependa aache. Kesi ikafika mbele ya Mahakama ya Jumuiya, na mwaka 1979 Uingereza ikashindwa. Kwa hiyo ubishi wa leo juu ya kamera si ubishi mupya.

GPS nayo ilizaliwa jeshini. Marekani ilianza mradi mwaka 1973, satelite ya kwanza ikapanda 1978. Mwezi wa 9 mwaka 1983, ndege ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia mu anga ya Umoja wa Kisovyeti na ikaangushwa. Watu 269 wakafa. Rais Reagan akaahidi kama GPS itafunguliwa kwa raia bila malipo. Lakini jeshi liliendelea kuharibu kidogo alama ya raia kwa makusudi, ikikosea karibu metre 100. Tarehe 2 mwezi wa 5 mwaka 2000, kwa amri ya Rais Clinton, ule uharibifu ukazimwa. Toka hapo mtu akaweza kujua gari iko kwenye barabara gani kabisa, na biashara ikalipuka.

Hapo katikati, kampuni Qualcomm ilikuwa imeshaanza, mwaka 1988, kuuzia kamio za Marekani mtambo OmniTRACS. Ulituma ujumbe na kuonyesha mahali gari iko kwa njia ya satelite. Schneider National, kampuni kubwa ya usafiri, njo ilikuwa mteja wa kwanza mukubwa.

Kwetu, mashini ilipita pia kwa mlango wa forodha. Tangu 2017, Kenya, Uganda na Rwanda wanatumia mfumo mumoja wa kufuatilia mizigo: kontena inayotoka Mombasa inafungwa kufuli ya elektroniki, mpaka ifike mpakani. Mizigo mingi ya kuja Kongo inapita mu njia hiyo.

Sasa tuangalie. Ulaya, mashini ilianza kwa kuhesabu masaa ya mtu. Kwetu ilifika kwa kuhesabu mzigo, mazutu na kusimama kwa gari. Simlaumu mwenye kamio: ana deni, na mazutu inaibiwa kweli. Lakini niliona shofere mumoja amekatwa mushahara juu GPS ilionyesha alisimama masaa 6. Alisimama kwenye matope, foleni ya kamio mbele na nyuma, na viazi vyetu vilikuwa vinaoza mu magunia. Ramani haionyeshi matope. Kamera ya mbele ilikuwa nayo yote, lakini hakuna mtu aliyefungua ile kadi. Na usiku ule alipoendesha mpaka asubuhi ili kulipa huo wakati, hakuna mtu aliyehesabu.

Ninapendekeza mambo matatu kwa wenye kamio na kooperative zetu. La kwanza, rekodi ya GPS isomwe kwa masaa ya kuendesha pia, si paka kwa kusimama. La pili, kabla ya kukata mushahara, picha za kamera zitazamwe na shofere akiwepo, na kopi apewe akiomba. La tatu, tuchunge rekodi za msimu mzima: zinaonyesha wazi barabara gani na bariere gani zinatukulia siku na mavuno. Ile ni karatasi ya kupeleka mbele ya wakubwa, yenye tarehe na masaa, kuliko malalamiko ya mudomo.

Mashini ni ileile. Swali ni nani anaruhusiwa kuisoma. Bale wenu wenye kufanya kazi na kamio: mu kontra zenu, shofere ana haki ya kuona rekodi yake ao hapana?