Petroli ya Injini za Zamani za Boti
Injini ya kupachika nyuma ya boti ilienea baada ya Ole Evinrude wa Milwaukee, Marekani, kuanza kuuza yake mwaka 1909. Nyingi zilizofuata zilikuwa za mipigo miwili: oili ilichanganywa ndani ya petroli ili ilainishe pistoni na beringi.

Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kuwa risasi huzuia mafuta kugonga ndani ya silinda, na petroli yenye risasi ikaingia sokoni mwaka 1923. Injini ndogo za mgandamizo mdogo hazikuihitaji. Kwazo risasi iliganda kwenye plagi tu.

Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya magari yenye risasi kufikia 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Injini za mipigo miwili hazikudhurika, kwa kuwa hazina viti vya vali, ambavyo risasi ilivilinda. Hatari ilikuwa kwa baadhi ya injini kuukuu za mipigo minne. Siku hizi kinachosumbua injini za zamani za mipigo miwili ni ethanoli, ambayo hunyonya maji na kuharibu mipira ya kabureta. Injini hizo hufaa kutumia petroli ya kawaida isiyo na ethanoli, na oili kwa kipimo cha mtengenezaji: kwa 50 kwa 1, lita 25 huchukua nusu lita.