Chumba cha Kulala katika Nyumba za Mtume (s.a.w.): Historia na Hukumu

Mwaka 88 H (707 M) barua ya Khalifa al-Walid bin Abdulmalik ilifika Madina ikimwamrisha gavana wake, Umar bin Abdulaziz, avibomoe vyumba vya wakeze Mtume (s.a.w.) na kuliingiza eneo lake msikitini. Ibn Sa'd (aliyefariki 230 H) amepokea katika Tabaqat kauli ya Ata al-Khurasani, aliyekuwepo barua iliposomwa, kwamba hakupata kuona watu wakilia kama siku ile. Said bin al-Musayyab alisema anatamani vingeachwa kama vilivyo, ili kizazi kinachoinukia na wageni watokao mbali waone Mtume alitosheka na nini katika uhai wake, wapate kupunguza kushindana kwa wingi wa mali. Kilichosalia ni chumba cha Bibi Aisha (r.a.) chenye makaburi matatu, nacho kikazungushiwa ukuta.

Kwa kawaida kauli hii ya Said husomwa kama mawaidha ya kuipa dunia kisogo, na ni kweli imo maana hiyo. Lakini sisi tunaona kwamba mafaqihi nao walipoteza kitu siku ile. Hukumu nyingi za kulala zimefungamana na hali ya vyumba vile, na asiyevijua vyumba hupata taabu kuijua sababu ya hukumu.

Basi vilikuwaje? Baadhi vilijengwa kwa matofali ya udongo, vingine kwa makuti ya mtende yaliyokandikwa udongo, na milangoni palitundikwa mapazia ya singa. Al-Hasan al-Basri alisimulia kwamba akiwa kijana, zama za Khalifa Uthman (r.a.), alikuwa akiingia humo na kuigusa dari kwa mkono wake. Upana nao ulikuwa mdogo. Bibi Aisha anasema, katika Hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akilala mbele ya Mtume, miguu yake ikiwa upande wa kibla. Mtume akitaka kusujudu humgusa, naye akaikunja miguu, na akisimama akainyoosha. Kisha anaongeza neno ambalo msomaji hulipita haraka: nyumba siku hizo hazikuwa na taa. Giza lilikuwa ndiyo hali ya kawaida ya chumba.

Tandiko lilikuwa ngozi iliyojazwa kilifu cha mtende. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipomwendea Mtume katika chumba cha juu, mwezi aliojitenga na wakeze, alimkuta amelala juu ya mkeka usio na tandiko, alama zake zimechoreka ubavuni, na kichwani mto wa ngozi. Umar akalia akiwataja Kisra na Kaisari. Je, hii ina maana kuwa godoro laini ni haramu? La. Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 H) katika Ihya amehesabu miongoni mwa adabu za kulala kwamba mtu asiutafute usingizi kwa kulainisha tandiko, bali aache hilo au afanye wastani. Naye anazungumzia adabu ya wenye kuamka usiku, si halali na haramu. Na Hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo kwa Muslim, inayotaja tandiko la mume, la mke na la mgeni, na kwamba la nne ni la shetani, Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H) ameieleza kuwa inakusudia kilichozidi haja na kufanywa kwa fahari. Ama mke na mume kuwa na matandiko mawili hakuna ubaya, kwani huenda mmoja wao akaugua.

Pazia la Bibi Aisha lina kisa chake. Lilikuwa na picha, na Mtume akamwambia aliondoe kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia katika Swala. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.). Wanachuoni wameandika mengi juu ya hukumu ya picha, nasi hatutaingia humo. Tunachokiona hapa ni kwamba kilichoshughulisha moyo kiliondolewa chumbani.

Kuhusu faragha, Sura an-Nur aya ya 58 imeweka nyakati tatu ambazo watoto na watumishi huomba idhini kabla ya kuingia: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa kwa nini watu wameacha kuifanyia kazi aya hii. Akaeleza, kama alivyopokea Abu Dawud, kwamba mwanzoni nyumba za watu hazikuwa na mapazia, na huenda mtumishi au mtoto akaingia mtu akiwa na mkewe. Kisha Allah akawapa wasaa na mapazia, na hakuona tena mtu anayeifuata. Kwa maneno haya wako waliosema kuwa hukumu ilikwenda na sababu yake. Wanachuoni wengi wamesema aya haikufutwa, na hilo ndilo tunaloliona lenye nguvu, kwani mlango uliorudishwa bila kufungwa hauna tofauti na chumba kisicho na pazia. Mafundi wa pwani yetu walilijibu jambo hili kwa mawe. Katika nyumba kongwe za Lamu mtu hutoka dakani, akapita kiwandani na misanani, ndipo afike ndani, mahali pa siri kuliko pote.

Tubaki na taa. Nyumba moja Madina iliungua usiku na wenyewe wamo. Mtume akasema kwamba moto ni adui, wauzime wanapolala. Katika mapokezi mengine ametaja panya anayeburura utambi akawaunguza wenye nyumba. Kwa sababu hii an-Nawawi alisema kuwa kandili zilizotundikwa, zikisalimika na hatari hiyo, yaonekana hazina ubaya, kwa kuwa sababu imeondoka.

Kwa kipimo hicho balbu ya umeme haimo katika katazo. Anayeizima atakuwa na hoja nyingine: Qur'ani imeufanya usiku kuwa vazi, na wataalamu wa usingizi wanasema mwanga wa usiku hupunguza homoni ya melatonini inayoandaa mwili kulala. Simu ya kitandani iko karibu zaidi na lile alilolichukia Mtume, yaani mazungumzo baada ya Isha, isipokuwa ya elimu, ya mgeni au ya mke na mume.

Lakini kibatari, mshumaa, dawa ya mbu ya kuwasha na chetezo cha udi karibu na chandarua, hivyo vimo katika katazo leo kama vilivyokuwamo Madina. Hali kadhalika jiko la mkaa linaloingizwa chumbani msimu wa baridi na mlango ukafungwa: huenda lisiunguze hata uzi wa shuka, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki. Wallahu a'lam.