Roketi Iliyoangushwa na Hesabu ya Zamani

Fungueni ukurasa huu mfuate kwa macho ninayosoma. Leo twajifunza habari za programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno. Kompyuta haina akili ya kukisia. Ikiagizwa vibaya hutenda vibaya, tena upesi sana.

Twendeni Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Tarehe 4 Juni, 1996, mataifa ya Ulaya yalirusha kwa mara ya kwanza roketi mpya iitwayo Ariane 5. Ilichukua setilaiti 4. Zilipopita sekunde 37 hivi, roketi iligeuka ghafula, ikaanza kuvunjika, ikajilipua. Hakufa mtu, lakini kazi ya miaka mingi ilianguka vipande vipande katika vinamasi.

Kisa chake nini? Programu ya kupima mwendo ilitolewa katika roketi ya zamani, Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Mtu aweza kuuliza, chombo chema cha baba kwa nini kisirithiwe? Ni haki kuuliza hivyo, maana kurithi programu njema ni akiba. Lakini Ariane 5 ilikwenda upande kwa kasi kupita mkubwa wake. Programu ilikuwa na hesabu iliyokaa katika nafasi 64, ikataka kuihamisha katika nafasi 16. Ni kama kumimina pishi katika kibaba! Kibaba hicho hakikuweza kupokea zaidi ya 32,767. Hesabu ikafurika, kompyuta ikazimika.

Mtasema, je, hapakuwa na kompyuta ya akiba? Ilikuwapo. Lakini ilikuwa na programu ile ile, nayo ilikuwa imekwisha zimika kitambo kidogo mbele ya mwenzake. Na la kusikitisha zaidi, sehemu hiyo ya programu haikuwa na kazi yo yote katika Ariane 5 baada ya kuruka. Iliachwa tu, kwa desturi ya zamani.

Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jacques-Louis Lions, bingwa wa hesabu wa Ufaransa, ikatoa taarifa yake Julai 1996. Ilikuta kwamba watengenezaji walikagua hesabu 7 za namna hiyo. 4 waliziwekea kinga, 3 wakaziacha. Sababu ya kuziacha haikuandikwa ndani ya programu. Hapa nataka mkae kidogo. Fikirini karani wa chama cha ushirika aliyeandika daftarini, "Nimetoa shilingi 40", asiseme kwa nini. Yeye anajua. Akija karani mwingine, atajuaje? Programu husomwa na kompyuta, lakini husomwa na watu pia, na mimi naona huyo msomaji wa pili ndiye anayesahauliwa mara nyingi.

Tena hakuna aliyeijaribu programu hiyo kwa hesabu za safari ya Ariane 5 yenyewe. Jaribio lilikuwa angani.

Setilaiti nyingine 4 zilitengenezwa, zikarushwa mwaka 2000 kwa roketi za Urusi, kutoka Baikonur. Ariane 5 nayo ilirekebishwa, ikaendelea na kazi mpaka safari yake ya mwisho, Julai 2023.