Nairobi hadi Dar es Salaam kwa Ndege: Masafa na Muda

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Embakasi, hadi uwanja wa Julius Nyerere, Kipawa, ni takriban kilomita 665 angani. Basi linalopitia Namanga na Arusha hukata karibu kilomita 900.

Masafa ya anga hupimwa kwa kufuata duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kwa miji hii miwili kalamu na karatasi vinatosha. Uwanja wa Nairobi uko nyuzi 1 na dakika 19 kusini mwa ikweta. Wa Dar, nyuzi 6 na dakika 53. Tofauti yake ni dakika 334, na kila dakika ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Dar iko mashariki zaidi kwa dakika 136 hivi za longitudo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nazo ni karibu maili 136. Chora pembetatu mraba yenye pande hizo mbili. Upande wa tatu utakuwa maili 360.

Muda ndio unaowachanganya wengi. Ndege ya jeti ikishafika juu huenda kama kilomita 840 kwa saa, kwa hiyo safari ingekwisha kwa dakika 48. Mbona basi tiketi husema saa moja na robo, hata zaidi?

Kwanza, muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena, si inapokuwa hewani tu. Pili, ndege huruka ikiukabili upepo. Njia ya kurukia ya Nairobi imelala kati ya kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, na ndege ikirukia kaskazini-mashariki hulazimika kugeuka ndipo ishike uelekeo wa Dar. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, mwendo kamili haudumu. Chini ya mita 3,000 ndege kwa kawaida hubanwa isizidi kilomita 460 hivi kwa saa, na kushuka kutoka mita 11,000 hadi usawa wa bahari huhitaji karibu kilomita 200. Ukitoa na za kupanda, kipande cha katikati hubaki kifupi sana. Ndiyo maana ndege ya pangaboi, yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa, haiachwi nyuma sana katika njia hii kama inavyoachwa katika safari ndefu.

Miji yote miwili hufuata saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, umepata muda wako. Nairobi hadi Johannesburg hesabu hiyo hukosea kwa saa nzima, kwa kuwa Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja.

Ukitoka Nairobi, omba kiti cha dirishani upande wa kulia. Ukitoka Dar, upande wa kushoto. Njia iliyonyooka hupita kama kilomita 30 tu mashariki ya Kilimanjaro, na asubuhi isiyo na mawingu theluji ya Kibo huonekana wazi dakika 20 hivi baada ya kuruka kutoka Nairobi.