Ungekesha Nacho?

Ndugu msikilizaji, mpishi anayepakua chakula ambacho yeye mwenyewe hataki kukila huwatia wageni wasiwasi. Mtunzi wa hadithi naye ni vivyo hivyo. Vijana wengi huuliza: niandike nini ili mchapishaji anikubali? Swali hilo si la leo, na historia ya riwaya yetu inalo jibu.

Zama za ukoloni, msomaji wa Kiswahili aliyetaka kisa cha kusisimua alipewa zaidi tafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka mwaka 1929. Mwafrika alikuwamo, lakini usukani wa kisa ulikuwa mikononi mwa Wazungu.

Huko Unguja alikuwako Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918. Alifanya kazi Idara ya Afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari. Kwamba hadithi za Sherlock Holmes zilimkolea, hakuhitaji shahidi: mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko, ana jicho la kuona mambo madogo, na ana rafiki wa kushangaa naye, Najum. Lakini Abdulla hakutafsiri. Aliuchukua upelelezi akauhamishia kwao. Maiti inakutwa kwenye mzimu, watu wanasema Kiswahili cha barazani, na fumbo linafumbuliwa kwa akili, si kwa mashetani. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda tuzo ya kwanza katika shindano la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58, ukachapishwa mwaka 1960.

Njia ikafunguka. Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Hizo zilikuwa enzi za Azimio la Arusha, na wapo wahakiki waliotaka kila kitabu kiwe darasa la siasa. Riwaya hizi wakaziita pendwa, kwa sauti ya kubeza. Wasomaji hawakungoja ruhusa yao.

Mtu atasema: je, anayejifurahisha mwenyewe hawezi kuandika upuuzi? Anaweza sana. Ladha ya mtu asiyesoma ni ladha ya mtu aliyeonja sufuria moja tu. Abdulla alisoma kwanza, akajua kinachomkosesha usingizi, kisha akatafuta ni kipi hakijaandikwa kwa lugha yake. Hapo kujipendeza kukageuka kuwa huduma kwa wengine.

Abdulla alifariki mwaka 1991, na Bwana Msa wake bado anatajwa. Basi kijana, kabla ya kuuliza mchapishaji anataka nini, jiulize: kitabu hiki kingekuwa cha mtu mwingine, ningekesha nacho? Kama jibu ni hapana, usimwombe msomaji akuletee shilingi zake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.