Santuri Elfu Moja za Glasgow: Asili ya Albamu "Tigermilk"

Katika lugha ya muziki wa Uingereza limo neno "indi", kifupi cha neno lenye maana ya kujitegemea. Hapo kwanza neno hilo lilihusu biashara wala si sauti: santuri ya indi ilikuwa ile iliyotolewa na kampuni ndogo isiyo mikononi mwa makampuni makubwa. Mjini Glasgow, Uskoti, Alan Horne alianzisha kampuni ya namna hiyo, Postcard, mwaka 1979, ikatoa nyimbo za bendi ya Orange Juice. Baadaye, hasa baada ya kaseti ya C86 iliyotolewa na gazeti la New Musical Express mwaka 1986, maana ya neno iligeuka. Likawa jina la mtindo: gitaa jepesi, sauti ya upole, maneno yenye haya. Jina lilipokwisha kuhamia kwenye mtindo, swali la awali likaelekea kusahauliwa, nalo ni hili: ni nani aliyeigharimia kazi?

Swali hilo lina jibu lisilotazamiwa katika habari za "Tigermilk", albamu ya kwanza ya bendi ya Belle and Sebastian, iliyotolewa tarehe 6 Juni 1996. Mtungaji wake mkuu, Stuart Murdoch, alishikwa na maradhi ya uchovu usiokwisha, yakamzuia kufanya kazi kwa muda wa miaka saba hivi. Katika kipindi hicho ndipo alipojifunza kutunga. Afya iliporejea alijiunga na mafunzo ya wanamuziki wasio na ajira mjini Glasgow, na huko akakutana na Stuart David, mpiga gitaa la besi. Mwanzoni mwa mwaka 1996 bendi ikaundwa.

Wakati huo Chuo cha Stow kilikuwa na darasa la biashara ya muziki, ambalo mmoja wa walimu wake alikuwa Alan Rankine, aliyepata kuwa mwanamuziki wa bendi ya The Associates. Wanafunzi waliendesha kampuni ya santuri iitwayo Electric Honey, ili wajifunze kazi kwa kuifanya. Desturi yao ilikuwa kutoa santuri ndogo moja kwa mwaka. Lakini Murdoch alikuwa na nyimbo za kutosha albamu nzima, na chuo kikakubali. Richard Colburn, mpiga ngoma wa bendi, mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa darasa lile. Nyimbo kumi zikarekodiwa kwa siku tatu katika studio ya CaVa, zikapigwa chapa santuri 1,000 tu.

Hapa historia imechanganyika na hadithi. Jina la bendi latokana na "Belle et Sébastien", kazi ya Mfaransa Cécile Aubry iliyoonyeshwa katika televisheni mwaka 1965, ihusuyo mtoto na mbwa wake. Na juu ya jalada la santuri iliandikwa hadithi fupi ya vijana wawili, Sebastian na Isabelle, waliokutana mjini Glasgow. Kwa kuwa katika miaka ya mwanzo bendi haikupenda mahojiano wala kupigwa picha, msikilizaji aliyetaka kujua asili yake hakuwa na hati nyingine karibu ila jalada hilo. Na jalada halikuwa habari, lilikuwa utunzi.

Baada ya watangazaji wa BBC kama Mark Radcliffe kuzicheza nyimbo hizo, santuri zile chache zikawa adimu, zikauzwa kwa mamia ya pauni. Albamu ya pili ilitoka Novemba 1996 na ya tatu mwaka 1998. Mwaka 1999 bendi ikapewa tuzo ya Brit ya wanamuziki wapya, ilhali ilikwisha kutoa albamu tatu. Na mwaka huo huo kampuni ya Jeepster ikaitoa "Tigermilk" upya, wengi wakaipata kwa mara ya kwanza.

Uhaba huo ndio uliozaa dhana kwamba albamu hii ilizuka yenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kipaji kilikuwa cha Murdoch na wenzake, wala hakuna darasa liwezalo kukitoa. Lakini mafunzo ya wasio na ajira yaliwakutanisha watu, chuo kikatoa gharama, na redio ya umma ikaeneza sauti. Kazi iliyokuja kuwa mfano wa muziki wa kujitegemea ilisimama juu ya nguzo za jamii.

Chuo cha Stow kiliunganishwa na vyuo vingine viwili mwaka 2013, na jina lake likatoweka. Kwa hiyo mwenye kulifasiri neno "indi" kwa Kiswahili ana uchaguzi wa kufanya. Akisema "muziki wa kujitegemea", ametaja asili ya neno, lakini ameificha asili ya albamu hii; akitaja mtindo peke yake, ameziacha zote mbili.